Mfalme Yuko Wapi? Wanyama wa Mawe Waliolinda Wafalme wa Misri na Ashuru

Mabibi na mabwana, wapenzi wa mambo ya kale, asanteni kwa kufika.

Ukisimama mbele ya mnyama wa jiwe aliyechongwa ili kumlinda mfalme, anza kwa kuuliza: mfalme mwenyewe yuko wapi? Wengi wetu huanza na mnyama. Ni simba au fahali? Ana mabawa? Ana tani ngapi? Hayo tutayafikia. Lakini mahali alipo mfalme ndipo zinapoachana njia za wachongaji wa Misri na wenzao wa Ashuru. Ukishapaona, mengi yanajieleza yenyewe: kwa nini sfinksi, yule simba wa Misri mwenye kichwa cha mtu, amelala, na lamassu, mlinzi wa milango ya Ashuru, amesimama, kwa nini mmoja ana miguu minne na mwenzake mitano, na kwa nini Wamisri walihangaika na graniti ilhali Waashuru waliridhika na jiwe ambalo hata maji hulila.

Tuanze na mji wa Giza, Misri. Sanamu ya farao Khafre, aliyetawala yapata mwaka 2550 KK, ilifukuliwa na Auguste Mariette mwaka 1860 katika hekalu la bondeni la mfalme huyo. Kimo chake ni sentimita 168, na jiwe lake gumu la rangi ya kijivu lilitoka jangwani kusini kabisa, karibu na Toshka, mamia ya kilomita kutoka Giza. Itazame kutoka mbele. Utaona mtu ameketi, kifua wazi, mikono juu ya mapaja. Sasa sogea ubavuni hatua mbili tatu. Nyuma ya kichwa anatokea kipanga, yaani mungu Horus, amesimama juu ya mgongo wa kiti, mabawa yake yamekizunguka kilemba cha mfalme kama mtu anayemziba mwenziwe masikio. Mchongaji amempanga hivyo kwa makusudi, ili anayesimama mbele asimwone. Ndege huyo hana habari na mgeni wala adui. Shughuli yake yote ni kichwa cha Khafre. Mfalme yuko chini ya bawa.

Kwenye sfinksi, mfalme ameingia ndani ya mnyama. Mwili ni wa simba, uso ni wa farao, na kila alama ya ufalme iko mahali pake: kilemba cha mistari kiitwacho nemesi, nyoka aina ya swila amesimama juu ya paji la uso, ndevu za bandia kidevuni, na jina la mfalme ndani ya duara refu, mara nyingi kifuani. Ndiyo maana mimi hupata taabu na vitabu vinavyomwita sfinksi mlinzi wa mfalme bila kufafanua. Sfinksi mwenye uso wa farao ni farao mwenyewe, amevaa nguvu za simba, na anacholinda ni hekalu, kaburi, au njia ya mungu.

Namna ya kumchonga inaeleza mengi kuhusu umbo lake. Graniti nyekundu ilitoka Aswan ikashuka na mkondo wa Nile kuelekea kaskazini. Tindo ya shaba haiingii kwenye graniti. Hupinda, jiwe likabaki vilevile. Kwa hiyo mafundi walishika kwa mikono miwili matufe ya jiwe gumu la dolerite, wakaponda graniti kidogo kidogo mpaka ikawa unga. Palipohitaji kukatwa walitumia msumeno wa shaba usio na meno, wakamwaga mchanga wa kwatzi chini yake. Mchanga ndio uliokata, shaba iliusukuma tu. Mwisho walisugua kwa mawe na mchanga laini mpaka jiwe likang'aa. Kabla ya yote hayo walichora mistari ya miraba juu ya jiwe. Kuna papirusi mjini Berlin yenye mchoro wa sfinksi juu ya miraba, akionyeshwa kutoka mbele, kutoka juu na kutoka ubavuni, kama ramani ya fundi mwashi wa leo.

Anayefanya kazi na jiwe la namna hiyo hujifunza haraka kutoacha kitu chochote kikining'inia. Sfinksi analala, miguu ya mbele imenyooshwa juu ya kitako na kuungana nacho. Mkia umezungushwa ukalazwa juu ya paja la kulia. Kati ya mguu na tumbo hakuna uwazi. Vinavyochomoza ni vitatu: pua, ndevu na kichwa cha swila. Tembelea jumba lolote la makumbusho uhesabu, utakuta hivyo vitatu ndivyo vilivyovunjika kwanza.

Sfinksi wa Tanis, mji wa kale wa Misri, aliyeko katika makumbusho ya Louvre mjini Paris tangu mwaka 1826, ana urefu wa mita 4.80 na kimo cha mita 1.83. Mwilini mwake mmechongwa majina ya Amenemhat II, Merneptah na Shoshenq I, wafalme waliotenganishwa na karne nyingi. Kila mmoja aliingia katika mwili uleule. Hilo linawezekana Misri, kwa sababu mwili wa simba ni cheo, na cheo hurithiwa. Kondoo dume walioko mbele ya hekalu la Karnak yaliwakuta hayohayo: walichongewa majina ya Ramesses II, kisha Pinedjem I akaweka yake. Na hapo Karnak mfalme amehama tena. Kondoo dume ni mungu Amun, amelala, na kati ya miguu yake ya mbele, chini ya kidevu, amesimama mfalme mdogo, mikono imekunjwa kifuani. Ni mtoto aliyejibanza kwa mzazi.

Yule mkubwa wa Giza anahitaji maneno zaidi, maana anasemwa sana na kutazamwa kidogo. Ana urefu wa mita 73 na kimo cha mita 20, na hakujengwa: alichongwa papo hapo kutoka mwamba wa chokaa. Mafundi walichimba handaki kumzunguka, na mawe waliyoyatoa wakayatumia kujengea hekalu lililo mbele yake. Mwamba huo una matabaka. La chini ni gumu, la kichwani ni gumu kiasi, lakini la katikati, ambalo ndilo mwili na shingo, ni laini, limejaa tabaka nyembamba zinazopishana kwa ugumu. Ndiyo maana kichwa kimehifadhi sura yake kuliko mwili uliolika, na ubavu una mifereji ya kulala.

Adui mkubwa wa mwamba huo ni chumvi iliyomo ndani yake. Unyevu wa usiku na maji ya ardhini huiyeyusha chumvi, joto la mchana huivuta mpaka juu, ikakauka na kuwa fuwele, fuwele zikasukuma ngozi ya jiwe mpaka ikabanduka. Kesho yake tena. Wamisri wa kale walijua kwamba mwili unahitaji kufunikwa, wakaukandika kwa matofali ya chokaa. Matengenezo ya miaka ya 1980 yalitumia saruji, na saruji ilileta chumvi zaidi na kuziba jiwe lisipumue. Februari 1988 pande kubwa la bega lilianguka. Baada ya hapo saruji ikaondolewa, pakawekwa mawe ya chokaa na udongo wa chokaa usio na saruji, na kazi ikakamilika mwaka 1998. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu hata huku kwetu kwenye majengo ya matumbawe ya pwani bado kuna mafundi wanaoziba nyufa za chokaa kwa saruji, na matokeo ni yaleyale.

Sasa tuvuke kwenda kaskazini mwa Iraki ya leo.

Mwaka 879 KK hivi mfalme Ashurnasirpal II alihamia Kalhu, panapoitwa Nimrud siku hizi, akajenga kasri. Milangoni mwake aliweka wanyama wenye vichwa vya watu, mabawa ya tai, na miili ya simba au ya fahali. Tumezoea kuwaita lamassu. Karne moja na nusu baadaye Sargon II, katika mji wake mpya wa Dur-Sharrukin, yaani Khorsabad, aliwafanya wakubwa zaidi: wale walioko Louvre wana kimo cha mita 4.20, na aliyeko Chicago ana tani 40.

Mfalme yuko wapi hapa? Hayupo. Uso wa lamassu una ndevu za mawimbi kama za mfalme wa Ashuru, lakini kichwani kuna taji lenye jozi za pembe, na pembe ni alama ya miungu. Mfalme wa Ashuru hakuvaa pembe hizo. Masikio mara nyingi ni ya ng'ombe. Mfalme yuko ndani, ameketi mwisho wa ukumbi, na viumbe hawa wamewekwa kati yake na wewe. Kipanga wa Khafre anamtazama bwana wake. Lamassu anakutazama wewe unayeingia.

Kutokana na kazi hiyo ndipo ikatoka miguu mitano. Lamassu si sanamu kamili ya kuzungukwa. Ni bamba nene sana la jiwe lililowekwa kwenye kona ya mlango: kifua na kichwa vinachomoza nje, ubavu unafuata ukuta wa njia ya kupitia, na upande wa nyuma umegandamana na jengo. Unayekuja kutoka nje unamwona uso kwa uso, miguu miwili ya mbele imesimama sambamba, hatikisiki. Ukipita mlangoni unamwona kwa ubavu, na hapo miguu minne inatembea, inatoka kukabili kinachokuja. Mchongaji alihitaji mnyama aliyesimama na mnyama anayetembea katika jiwe moja, hivyo akaongeza mguu. Ukisimama kwenye kona ndipo unapoihesabu yote mitano. Sennacherib, mwana wa Sargon, yule Senakeribu wa Biblia, aliuacha mtindo huo, na mafahali wake wa Ninawi wana miguu minne. Kwangu mimi wa Sargon ni bora, kwa kuwa kila anayekaribia mlango anapata mnyama aliyekamilika popote alipo.

Katikati ya miguu na chini ya tumbo kuna maandishi ya kabari. Yanataja jina la mfalme na sifa zake, ushindi wake, ujenzi wa mji, na kwa Sargon yanamalizia na laana kwa atakayeharibu kazi yake. Hapa jina halibadilishwi kirahisi kama Tanis. Mnyama ameajiriwa na mtu mmoja kwenye mlango mmoja. Na kwenye kitako cha fahali mmoja wa Khorsabad aliyeko makumbusho ya Uingereza, mtu alikwangua vijumba ishirini vya mchezo wa bao, inaelekea askari wa zamu waliokaa pale saa nyingi. Mlinzi wa jiwe na walinzi wa nyama na damu walikuwa zamu moja.

Jiwe lenyewe ni la jasi, linalochimbika karibu na Mosul. Ni laini kiasi kwamba tindo ya chuma inachora kila unyoya wa bawa na kila pindo la ndevu kwa muda ambao fundi wa Aswan angekuwa bado anaponda mguu mmoja. Ulaini una gharama yake. Jasi huyeyuka kwenye maji, gramu 2 hivi kwa kila lita, kwa hiyo mvua ikilipata wazi inafuta nakshi taratibu. Moto ni mbaya zaidi. Joto huondoa maji yaliyofungwa ndani ya jasi na kuifanya unga kama plasta. Kalhu na Ninawi vilipochomwa kati ya mwaka 614 na 612 KK, mabamba ya kumbi zilizoungua yalipasuka na kumeng'enyeka. Wanyama waliofukiwa haraka na matofali ya udongo ya kuta zilizoanguka ndio waliotufikia wakiwa na sura zao.

Usafirishaji tunaujua kutoka kwa Sennacherib mwenyewe, maana aliuchonga ukutani katika kasri la Ninawi. Anaeleza kwamba baba zake walichimba jiwe ng'ambo ya Tigris na kulivusha kwa mashua kubwa wakati wa mafuriko ya masika, kwa taabu kubwa, askari wakiishiwa nguvu. Yeye akapata machimbo pa Balatai. Michoro inaonyesha fahali ambaye umbo lake tayari limetolewa palepale machimboni, kwa kuwa hakuna sababu ya kuburuta uzito utakaotupwa. Amefungwa juu ya chombo cha mbao chenye chini bapa na pua iliyopinda kama ya jahazi. Mbele kuna kamba nne na mistari ya mateka wanaovuta, kila kundi na mavazi ya nchi yake. Nyuma kuna wenzo mrefu wa gogo: watu wananing'inia kwenye kamba za ncha yake, wengine wanasukumiza kabari chini ya egemeo ili chombo kinyanyuke kidogo na kuanza kuondoka. Vijana wanakimbiza miti na kuilaza njiani. Wengine wamebeba misumeno, sululu na kamba za akiba. Juu ya jiwe wamesimama wasimamizi, mmoja ana tarumbeta, kwa sababu mamia ya watu wasipovuta kwa pamoja hakuna kinachosogea. Mfalme anatazama kutoka kwenye gari lake. Hapo, kwa mara moja, unamwona karibu na mnyama wake, na bado yuko nyuma.

Mwaka 1847 Austen Henry Layard, mchimbaji wa mambo ya kale kutoka Uingereza, alipowatoa wanyama wa Nimrud alirudia hatua hizohizo: kamba, magogo yaliyopakwa mafuta, mamia ya watu. Wakati fahali akilazwa kamba zilikatika, akaanguka, lakini hakuvunjika. Akashushwa Tigris kwa chelezo kilichobebwa na viriba vya ngozi vilivyojazwa hewa. Bahati hiyo haikuwafuata Wafaransa. Mei 1855 vyelezo vya msafara wa Victor Place vilishambuliwa karibu na Qurna na makasha zaidi ya 200 yakazama.

Waashuru hawakuweka wanyama wakubwa tu. Chini ya sakafu ya mlango mmoja wa kasri la Ashurbanipal pale Ninawi walizikwa mbwa watano wa udongo, wadogo wa kukaa kiganjani, kila mmoja na rangi yake na jina lake limechorwa mwilini. Majina ni ya kikazi: Mfukuza Uovu, Mkamata Adui, Mng'ata Mpinzani Wake, Mlio Wake ni Mkali, na wa tano, Usifikiri, Ng'ata. Hakuna mgeni ambaye angewaona. Fahali walihusika na watu wanaotembea, mbwa walihusika na maradhi na pepo wanaopenya chini. Ulinzi wa Ashuru ni wa tabaka kwa tabaka, kila mlinzi na adui wake. Sioni kitu kinachofanana na hicho katika sfinksi, na ndicho kinachonifanya niamini kwamba tusiwaite sfinksi na lamassu ndugu wa tumbo moja.

Hata namna wanavyoshambuliwa inafuata tofauti hiyo. Farao Thutmose III alipoamua kumfuta Hatshepsut, farao mwanamke, masfinksi wa Hatshepsut wa graniti kwenye hekalu lake la Deir el-Bahri walivunjwavunjwa na kutupwa shimoni. Waliovunjwa walikuwa Hatshepsut kwa mwili wa simba. Makumbusho ya Metropolitan ya New York iliwaokota vipande miaka ya 1920 na kumuunganisha mmoja wenye urefu wa mita 3.43. Februari 2015 wanamgambo waliompasua kwa mashine fahali wa lango la Nergal pale Ninawi hawakuwa na ugomvi na Sennacherib. Walianza na uso. Na yule wa Khorsabad aliyefukuliwa tena mwaka 2023, tani 18, mwili mzima na mabawa yake, hana kichwa, kwa sababu wezi walikikata miaka ya 1990. Kilinaswa, na kiko Baghdad.

Nimalizie pale ambapo wafalme wa pande mbili waligongana. Taharqa, mfalme wa Kushi aliyetawala Misri kuanzia mwaka 690 KK, ndiye Tirhaka wa Biblia. Kule Kawa, Sudan, aliweka kondoo dume wa graniti, na yeye mwenyewe amesimama kati ya miguu yao, chini ya kidevu cha Amun. Mwaka 671 KK Esarhaddon wa Ashuru aliiteka Memphis. Kwenye bamba lake la ushindi lililopatikana Zincirli, Uturuki, ambalo sasa liko Berlin, mateka Mkushi amepiga magoti mbele yake, amefungwa kwa kamba mdomoni. Tazameni paji la uso la mateka huyo: swila yupo. Mchongaji wa Ashuru alijua alama ile ni ya nini, akaichonga kwa uangalifu, ili kila mtu aone kwamba aliyefungwa ni wa nyumba ya kifalme na nyoka wake hakumsaidia.

Kisha sanamu za Taharqa zilibebwa mpaka Ninawi. Vipande vyake vilipatikana miaka ya 1950 kwenye kilima cha Nabii Yunus, kwenye mlango wa jengo la Esarhaddon. Mfalme wa Misri, ambaye kwao huwa chini ya bawa au ndani ya simba, aliwekwa mlangoni, mahali ambapo Ashuru huweka walinzi wake.

Nakaribisha maswali. Mwenye picha aliyoipiga Cairo, Khartoum au kwingineko anaweza kuileta mbele tuitazame pamoja.